Jongoo wa Bamburi

Mtu atokaye Timbwani kwenda Bamburi hana budi kuvuka maji mara mbili. Mara ya kwanza huteremka Likoni akaingia katika feri, akavuka mlango wa Kilindini pamoja na wachukuzi, wanafunzi, mikokoteni na magari. Mara ya pili, akiisha kukipita kisiwa cha Mombasa, huvuka Daraja la Nyali akatua upande wa Kisauni. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja jingine la mwaka 1931, lililoelea juu ya maji, nalo wazee wa mji hawajalisahau. Toka hapo barabara ya Malindi huelekea kaskazini, na baada ya mwendo usio mrefu msafiri huona upande wa bara mitambo mirefu ya kiwanda cha saruji. Jirani na kiwanda hicho, nyuma ya lango lililofunikwa na vivuli vya miti, ipo bustani ya wanyama iitwayo Haller Park.

Ni bustani ndogo. Haiwezi kushindana na mbuga ya Tsavo kwa ukubwa, wala na bustani za miji mikuu ya Ulaya kwa wingi wa wanyama. Mgeni huenda kwa miguu katika njia nyembamba chini ya miti. Huwaona kobe wakubwa kuliko karai la mwashi, wakila majani taratibu kama watu wasio na haraka na siku. Huwaona mamba walioachama kinywa, nyoka katika vibanda vyao, samaki wakizunguka katika mabwawa, na kiboko akiibua macho na masikio juu ya maji. Kisha hupewa chakula akamlisha twiga kwa kiganja chake mwenyewe. Kwa mtoto aliyelelewa mjini, ambaye twiga alimjua katika kurasa za kitabu tu, ulimi ule mweusi mrefu unaojisokota mkononi mwake ni jambo la kusimuliwa nyumbani kwa wiki nzima.

Walakini insha hii haikuandikwa kwa ajili ya twiga. Katika bustani ile yuko mnyama mmoja asiye na kibanda wala wa kumlisha, ambaye wageni humruka njiani kwa kumchukia, na wengine humkanyaga. Huyo ni jongoo. Anayetaka kujua jinsi bustani ya Bamburi ilivyopatikana hana budi kuanza kwa jongoo. Na kabla ya jongoo, hana budi kuanza kwa jiwe.

Jiwe la pwani yetu ni matumbawe. Zamani sana, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa, na pale inapopita barabara ya Malindi leo palikuwa na mwamba hai chini ya maji, kazi ya viumbe vidogo ambavyo kila kimoja hujijengea nyumba ya chokaa akafa ndani yake. Bahari iliporudi nyuma ule mwamba ulibaki nchi kavu. Mababu waliujua vyema. Waliukata kwa mashoka na sururu wakajenga misikiti na majumba. Waliupanga juu ya magogo katika tanuu, wakautia moto, wakapata chokaa ya kulepua kuta. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593 hawakuleta mawe kutoka kwao. Handaki la ngome lilichongwa katika matumbawe yaleyale, na kuta zikainuliwa kwa matumbawe. Kiswahili chenyewe kina neno lake kwa shimo litolewamo mawe: huitwa timbo. Masikio yangu hulisikia neno hilo katika jina la Timbwani, lakini naliacha jambo hilo kwa wajuzi wa majina ya mahali.

Timbo la mababu lilikuwa shimo dogo. Fundi alichimba kiasi cha nyumba yake, akaondoka, na baada ya miaka michache mvua na majani vilifunika jeraha. Karne ya ishirini ilileta timbo la namna nyingine. Mwaka 1951 kampuni ya saruji ya Bamburi iliasisiwa na Felix Mandl, mkurugenzi wa shirika moja la saruji la Uswisi, na mwaka 1954 kiwanda kilianza kazi kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Saruji hufanywa hivi: mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo wa namna ya mfinyanzi, yakaokwa katika tanuri kubwa la chuma lizungukalo, mpaka joto lifike kadiri ya nyuzi 1,450, hutoka vigololi vigumu, navyo husagwa tena pamoja na jasi kidogo. Ni kazi ileile ya tanuu, ila tanuri hili halilali usiku wala mchana, na halishibi.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Saruji ya Bamburi iliingia katika shule, hospitali, madaraja na gati, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 nchi ilitaka kujenga kwa haraka. Yawezekana kwamba sakafu ya darasa asomamo msomaji wa ukurasa huu ilitoka katika shimo tunalolisimulia. Mashine zilikata mwamba, malori yakachukua, na kila mwaka shimo likazidi upana. Lilipokaribia maji ya chini, ambayo katika pwani ile yana chumvichumvi, uchimbaji ulisimama ukahamia mbele, na nyuma yake ikabaki sakafu ya mawe matupu, nyeupe, isiyo na udongo hata wa kujaza kikombe. Juu yake jua lilipiga likarudi machoni. Mbegu iliyoangukia pale iliungua, na mvua iliyonyesha pale ilizama katika matundu ya mwamba isionekane tena. Hali hiyo iliendelea kwa muda upatao miaka ishirini.

Mwaka 1959 kampuni ilikuwa imemwajiri bwana shamba kutoka Uswisi, jina lake René Haller, kusimamia bustani na mashamba yake. Ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta kama jangwa lile lingeweza kuoteshwa kitu, na mwaka 1971 akaanza kujaribu. Hakuanza kwa kuleta udongo kwa malori, kwani udongo ungepatikana wapi wa kufunika nchi nzima namna ile, ila kwa kuchimba shimo ndani ya shimo lingine? Alitoboa vishimo katika sakafu ya mawe akapanda miche ya miti ya aina 26, kisha akangoja aone ipi itakufa. Karibu yote ilikufa. Baada ya miezi sita aina tatu tu zilikuwa hai: mnazi, damas ambao asili yake ni nchi ya Wasomali, na mvinje.

Mvinje ni mti wa kawaida kwa watu wa pwani. Husimama ufukweni, mwembamba mrefu, na upepo ukivuma ndani yake hutoa sauti ya huzuni ambayo huwafanya wasiouzoea wageuke kutazama nani aliaye. Hauogopi chumvi. Tena una siri katika mizizi yake: humo mna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoinasa naitrojeni ya hewani na kuupa mti chakula ambacho mawe hayana. Kwa sababu hiyo mvinje waweza kuishi mahali ambapo mti mwingine hufa njaa. Miti ya Haller ilikua upesi mno, kadiri ya mita mbili au tatu kwa mwaka. Timbo likapata kivuli.

Mtu angedhani kwamba hapo kazi ilikwisha. Lakini kivuli siyo udongo. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakalundikana juu ya mawe, na pale yakakaa, makavu, yasioze. Yana ukali uleule ulio katika magome ya mkandaa, ambayo watu wa pwani waliyatumia kudabighi ngozi. Na kitu kinachoizuia ngozi isioze huyazuia majani pia. Vijidudu vinavyoozesha majani ya miti mingine viliyakataa haya. Basi ukawapo msitu uliosimama juu ya zulia la sindano, na chini ya zulia mawe yaleyale. Bila majani kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti wa pili utakaoota chini ya wa kwanza. Mvinje ungezeeka, ungekufa, na jangwa lingerudi kama lililokwenda matembezi tu.

Siku moja Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala majani hayo ya mvinje. Ndiye jongoo huyu wetu wa kila siku, ambaye mvua za masika zikianza hupanda kuta za nyumba zetu na kuzungushwa kwa ufagio. Yale yaliyowashinda wengine yeye aliyatafuna bila taabu, na kinyesi chake kilikuwa laini, cheusi, chenye rutuba. Vijidudu vilivyoyakataa majani vilikikubali kinyesi. Haller akawakusanya majongoo mamia kwa mamia, akawaachia chini ya mivinje. Hawakupewa jambo lingine la kufanya ila kula, kuzaa na kula tena.

Natamani msomaji atulie hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo habari yote ilipogeuka. Kiwanda kilikuwa na mashine zilizoweza kupasua mwamba wa miaka laki moja kwa dakika moja, lakini hakikuwa na mashine hata moja iwezayo kufanya kijiko cha udongo. Kazi hiyo ilitendwa na mnyama asiyeona mbali, asiye na mbio, ambaye akiguswa hujiviringa kama pete akasubiri hatari ipite. Tabaka jembamba jeusi likaanza kuonekana chini ya sindano. Mwaka hata mwaka likazidi unene. Mbegu zilizoletwa na ndege na upepo zikapata pa kushika. Miti mingine ikapandwa kati ya mivinje, ikashika. Mivinje mingine ikakatwa kuwa nguzo za kujengea, na mahali pake pakaachiwa miti iliyokuja baadaye.

Tangu hapo wanyama wakubwa walianza kuletwa, na yafaa tutambue sababu ya kuletwa kwao, maana ndiyo inayoitenga bustani hii na nyingine nyingi. Katika bustani za wanyama za kawaida kiumbe huletwa ili atazamwe. Bamburi kiumbe aliletwa kwanza ili afanye kazi, na kutazamwa kukafuata. Mashimo yaliyofikia maji yaligeuzwa mabwawa, wakafugwa samaki aina ya perege waliostahimili maji ya chumvichumvi; samaki waliuzwa na kuliwa. Waliokufa kati yao, na mabaki yasiyouzika, walipewa mamba. Pofu na choroa walifugwa kama ng'ombe wanavyofugwa, kwa kujaribu kama nyama ya wanyama wa porini yaweza kupatikana bila kuwawinda. Haller alitaka msitu ujilishe wenyewe. Aliona kwamba kitu kinachomlia fedha tajiri mwaka hata mwaka bila kurudisha, siku moja tajiri hukichoka.

Watu wakaanza kusikia na kuja kutazama. Mwaka 1984 njia za msitu zilifunguliwa kwa wageni wote, na mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, liliandika jina la Haller katika orodha yake ya watu 500 wa dunia waliostahili heshima kwa kuyahifadhi mazingira. Baadaye mahali penyewe pakapewa jina lake. Jongoo hakupewa nishani.

Kabla ya haya, wanyama wa nchi yetu walikuwa wamezoea safari ya kwenda nje. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika nchi ya China wakiwa na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle. Wachina hawakuwa na jina la mnyama wa namna ile, wakamwita kwa jina la mnyama wa hadithi zao, qilin, ambaye huonekana, kwa imani yao, zama za mfalme mwema tu. Basi twiga wa watu akasaidia kuthibitisha wema wa mfalme. Mwaka 1828 bustani ya wanyama ya London ilifunguliwa kwa ajili ya wataalamu, na mwaka 1853 ikajengewa nyumba ya vioo ya kutazamia samaki na viumbe vya baharini, ya kwanza ya namna yake kufunguliwa kwa watu wote. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1850, alipelekwa kule mtoto wa kiboko aliyekamatwa mtoni Nile mwaka uliotangulia. Waliomtaka walikuwa wamempa mtawala wa Misri mbwa wa kuwindia kuwa badili. Aliitwa Obaysch. Watu wa London walisongamana kumwona, nyimbo zikatungwa na sanamu zake zikauzwa. Akaishi kule miaka 28, mbali na mto, akafa mwaka 1878. Hakuna aliyemwuliza kazi yake ni nini. Kazi yake ilikuwa kutazamwa.

Nimemtaja Obaysch kwa sababu Bamburi nayo ilipata mtoto wake wa kiboko, na umashuhuri wake ulizidi ule wa London.

Mwezi wa Desemba mwaka 2004 mto Sabaki ulifurika, ukawasukuma viboko mpaka baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 ya mwezi huo mtetemeko wa nchi chini ya bahari karibu na Sumatra uliinua mawimbi makuu ya tsunami, yaliyoua watu zaidi ya laki mbili katika nchi zilizopakana na Bahari ya Hindi, nayo yalifika mpaka pwani yetu. Asubuhi ya pili mtoto mmoja wa kiboko alionekana peke yake juu ya mwamba baharini, wenzake wote hawapo. Wavuvi na watu wengine wa mji walihangaika naye kwa nyavu na kamba kwa saa nyingi, kwani alikuwa wa umri upatao mwaka mmoja lakini uzito wake ulikuwa karibu kilo 270, mtelezi na mwenye hasira. Mmoja wa waliomkamata aliitwa Owen, na kiboko akapewa jina hilo. Hangeweza kurudishwa kwa viboko wengine, maana mtoto asiye wao wangemwua. Akapelekwa Bamburi.

Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwa kobe mmoja mkubwa aliyeitwa Mzee, akajificha nyuma yake kama mtoto ajifichavyo nyuma ya mama. Kobe alikasirika akaondoka, kiboko akamfuata. Baada ya siku chache walilala pamoja, wakala pamoja, wakaogelea pamoja. Picha zao zilizunguka dunia nzima, vitabu vikaandikwa, na watu waliokuwa hawajui Bamburi iko wapi wakapanda ndege kuja kuwaona. Mwaka 2007 Owen alipewa mwenzi wa jinsi yake, kiboko jike aitwaye Cleo, na urafiki wa ajabu ukafika mwisho wake wa kawaida.

Wengi wanaijua habari hii kwa upande wa kiboko. Upande wa kobe una historia ndefu zaidi. Mzee alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, na asili ya kobe wa namna yake ni kisiwa cha Aldabra, kaskazini ya Bukini. Kobe kama hao waliishi zamani katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi. Mabaharia waliwapenda kwa sababu kobe hukaa miezi katika chombo bila kula wala kunywa na nyama yake haiozi maadamu yu hai. Wakawapakia kwa maelfu, na katika Mauritius na Rodrigues hakubaki hata mmoja. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, na Charles Darwin miongoni mwao, walimwandikia gavana wa Mauritius wakimsihi awalinde kobe wa Aldabra kabla hawajaisha. Tukiupokea umri aliopewa Mzee, alianguliwa karibu na wakati wa barua hiyo. Leo Aldabra ina kobe zaidi ya laki moja. Ndugu zao wapo pia katika kisiwa cha Changuu, Unguja, kizazi cha kobe wanne waliopelekwa kuwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Basi yule kiboko aliyeokolewa alikuwa amejificha nyuma ya mwingine aliyeokolewa kabla yake.

Sasa lipo swali ambalo sipendi kulipita. Wanafunzi huliuliza wakiisha kushiba kutazama, na ni haki yao. Je, aliyeotesha msitu si yuleyule aliyechimba shimo? Ndiye. Fedha zilizolipia miche zilitoka katika mawe. Na mawe hayakurudi. Mwamba uliojengwa na bahari kwa maelfu ya miaka umekwenda kuwa kuta na sakafu, na msitu uliopo sasa si ule uliokuwapo juu yake. Tena tani moja ya mawe ya chokaa safi ikiokwa hutoa karibu kilo 440 za hewa ya ukaa, mbali na moshi wa kuni au makaa ya tanuri lenyewe, na msitu mmoja hauwezi kuimeza hewa yote ya kiwanda. Wako wasemao kwamba bustani ni pazia lililotundikwa mbele ya timbo. Mimi nasadiki kwamba neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Mashimo mengi ya mawe yamechimbwa katika dunia na yakaachwa wazi, na wenye mali walikwenda zao bila kupanda hata mnazi. Nikilinganisha shimo lenye msitu na shimo tupu, sioni haya kulisifu lenye msitu, mradi mwenye kulisifu asiache kuyataja mawe.

Wenye mali hubadilika. Kampuni ya Bamburi ilikuwa mikononi mwa watu wa Ulaya kwa miaka mingi, na mwezi wa Desemba mwaka 2024 ilinunuliwa na Amsons, kundi la makampuni la Tanzania. Mivinje haina habari nao, lakini ulinzi wake una habari nao sana; msitu uliopandwa na kiwanda hudumu kwa kadiri kiwanda kipendavyo udumu.

Nilifika mara ya mwisho pamoja na wanafunzi wa upande wetu wa Likoni. Walipolisha twiga na kumwita kiboko kwa majina yote waliyoyajua, mmoja wao, mvulana mpole asiyesema sana, alibaki nyuma. Nilirudi kumtafuta nikamkuta amechutama kando ya njia pamoja na mzee mmoja mfagiaji. Mzee alikuwa ameweka ufagio chini. Kwa jani pana alimwinua jongoo kutoka katikati ya njia akamtua upande wa pili, penye sindano za mvinje.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Huyu mjukuu wangu aniuliza maneno makubwa."

Yule mvulana alikuwa na kopo la bati, na ndani yake alikuwa amekwisha kuwatia majongoo sita. Nyuma ya kwao, alisema, pana shimo lililochimbwa mawe ya kujengea, likaachwa. Halina kitu ila taka na maji ya mvua. Alitaka kuwapeleka huko.

Mzee hakumcheka. Alimweleza kwamba jongoo hana kazi mahali pasipo majani, atakufa kabla ya Ijumaa; kwanza sharti mti. Akamwuliza kama shimo lao lina mti hata mmoja. Mvulana akafikiri, akajibu kwamba hakuna.

"Na mti huchukua muda gani, babu?"

"Hii," akasema mzee, akielekeza mkono juu mahali ambapo upepo ulikuwa ukilia, "ilipopandwa mimi nilikuwa kama wewe."

Mvulana akalala kopo upande, majongoo wakatoka mmoja mmoja, wakanyoosha miili yao, wakaingia chini ya sindano. Kisha mzee akakwenda kando ya ukuta penye miche midogo iliyoota yenyewe, akang'oa mmoja wa mvinje pamoja na udongo wake mweusi, akautia katika kopo.

Jua lilikuwa limekwisha kushuka tulipofika kivukoni. Feri ilikuwa imejaa, kama ilivyo kila jioni, tukasimama tukisukumana na watu watokao kazini. Yule mvulana alilishika kopo kifuani kwa mikono miwili, na kila aliyempita akamwambia asogee.